Kuendesha programu ya Windows kwenye Ubuntu kwa Wine
Duka lako la Mwanjelwa lina kompyuta ya Ubuntu, lakini programu ya stoo ni ya Windows? Weka Wine, programu inayowezesha programu za Windows kufunguka kwenye Ubuntu. Fungua temino (dirisha la kuandikia amri), andika mstari mmoja mmoja:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine wine32

Usiruke mstari wa kwanza. Programu nyingi za zamani ni za biti 32, na bila huo zinagoma kufunguka.

Humo kwenye temino, ingia kwenye folda yenye faili la kusakinisha, andika wine setup.exe.

Data hukaa ~/.wine/drive_c. Inakili kwenye flashi kila jioni, tafadhali: anayefuta folda ya .wine amefuta na mauzo yote.

Programu inayodai flashi ya leseni (kifaa cha USB kinachothibitisha kuwa umeinunua) mara nyingi hushindwa, kwa sababu Wine haitumii draiva za Windows kikamilifu. Hapo tumia VirtualBox, programu inayoendesha Windows yenyewe ndani ya Ubuntu, na kompyuta iwe na RAM ya GB 8.