SOMO: Jinsi ya kukinga mikono na baridi ukiwa kwenye baiskeli alfajiri

Wakuu habari za asubuhi. Mwezi wa 6 huo unaingia, na sisi wa Njombe na Makete tunaopeleka maziwa alfajiri tunajua maana yake, unafika mteremkoni unataka kukamata breki vidole havisikii kabisa, hapo ndo watu wanaanguka. Tatizo kubwa ni upepo. Kukiwa na nyuzi 5 halafu unateremka spidi 30, ngozi inaipata kama nyuzi 0, kwa hiyo glavu ya sufu peke yake haikusaidii, upepo unapita tu.

Hatua ya 1: Anza na kifua. Mwili ukipata baridi unarudisha damu ndani na vidole ndo vya kwanza kunyimwa. Sweta, koti lisilopitisha upepo, boshori, kitambaa shingoni. Koti likiwa jepesi tandaza gazeti kifuani juu ya sweta, linasaidia sana.

Hatua ya 2: Ndani glavu ya sufu, juu yake glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, chukua saizi kubwa maana ikibana damu haipiti na utaganda zaidi.

Hatua ya 3: Hii ndo naipenda kuliko zote. Chukua dumu la lita 5, kata kitako na upande mmoja, lifunge kwenye hendeli kwa mpira wa tyubu likae mbele ya ngumi. Kila mkono na dumu lake. Kabla hujatoka minya breki mpaka mwisho na kata kona kulia na kushoto, likigusa popote punguza. Mkono wa breki nao uvishe tyubu, chuma kinanyonya joto la vidole.

Hatua ya 4: Njiani usikabe hendeli. Ukianza kufa ganzi simama, zungusha mkono mzima kama feni mpaka damu ishuke vidoleni.

MASWALI

Swali: Mkuu nikifika huwa naota moto wa mkaa hapohapo, ina shida?
Jibu: Ipo mkuu. Vidole vyenye ganzi havisikii joto, unaungua hujui. Weka kwapani kwanza mpaka vianze kuuma, ndo usogee kwenye moto.

Swali: Mimi vidole vinakuwa vyeupe kabisa hata nikigusa tu maji ya bomba, glavu zitatosha kweli?
Jibu: Pole dada, nenda hospitali wakucheki. Kuna watu mishipa ya vidole inajibana kupita kawaida, wanaita Raynaud. Glavu endelea kuvaa, na kama unavuta sigara acha, inaibana zaidi.

Swali: Mvua ikinikuta?
Jibu: Beba pea nyingine ya sufu ndani ya nailoni, ikilowa tu badilisha.

Swali: Nina Phoenix ya breki za fimbo, dumu litakaa?
Jibu: Linakaa, ila upande wa chini kata pana zaidi ili fimbo ipande bila kukwama.