Kuchuma Mlenda Pori Dodoma kwa Usalama na bila Kuumaliza

Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili, na mvua zikishika, mlenda pori huchipua wenyewe mashambani na kandokando ya njia. Anayeuchuma kwa mara ya kwanza aongozane na mama aliyeuzoea tangu utotoni, kwa kuwa picha ya simu haitoshi kutofautisha majani machanga. Jani la mlenda likifikichwa kwenye maji hutoa utelezi, lakini usitegemee alama hiyo peke yake.

Mmea ninaouhofia zaidi ni mnanaha, ambao huota mashambani na kwenye mazizi yaliyohamwa. Ukikomaa hutambulika kwa ua lenye umbo la tarumbeta na tunda lenye miiba. Ukiwa mchanga hauna alama hizo, na majani yake yakichanganyika na mboga, mlaji hukaukwa na kinywa, mboni za macho hutanuka, moyo humwenda mbio, naye huanza kuweweseka. Kwa hiyo chambua mboga jani kwa jani kabla ya kuiosha, na usilolitambua ulitupe. Mwenye dalili hizo awahishwe hospitali pamoja na mabaki ya mboga hiyo.

Usichume kando ya mashamba ya zabibu yanayopuliziwa dawa, hata kama mlenda wa hapo umenawiri kuliko wa kwingine. Katika shamba la mtu omba ruhusa. Katika msitu wa hifadhi, ulizia kwanza kibali kinachotakiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002.

Wakati wa kuchuma, kata ncha laini kwa kucha na uache shina lichipue tena. Mlenda huu huishi msimu mmoja, na wa mwakani hutegemea mbegu zitakazodondoka mwaka huu. Ndiyo maana huniuma kuona mafurushi yaliyong'olewa na mizizi yake kabla hata ya kuchanua. Kila unapochuma, bakiza mashina kadhaa yakomae, tena yawe yale yenye afya kuliko yote, wala si yaliyodumaa.

Mlenda wa kuweka akiba ya kiangazi uanikwe juu ya mkeka safi, ugeuzwe mara kwa mara mpaka jani livunjike likifinywa, ndipo utwangwe na kuwekwa katika chombo kikavu chenye mfuniko, kwani ukihifadhiwa na unyevu huota ukungu.