Kutunga Shada la Bibi Harusi kwa Rehani, Asumini na Mawaridi

Wateja wengi huniletea picha kwenye simu na swali la idadi: mawaridi mangapi? Mimi huwauliza kwanza nguo imeshonwaje na bibi harusi atatoka saa ngapi, kwa kuwa shada lenye mawaridi 40 yaliyobanwa pamoja ni zito mkononi, huifunika nguo ya watu iliyodariziwa kwa miezi, na halina mahali ambapo jicho linaweza kupumzika. Mwongozo huu ni wa shada la usiku wa kupamba hapa Mombasa, nami nimeliazima wazo lake kwenye kikuba, kile kishada kidogo cha maua na majani ya kunukia, ambacho mama zetu hukitunga kwa pua kabla ya macho.

Hatua ya kwanza: chagua harufu, kisha rangi. Kikuba hutofautiana mji kwa mji, lakini asumini, rehani, mkadi, kilua na langilangi ndizo harufu zinazojulikana zaidi. Usizitie zote. Langilangi na asumini zikikutana katika ukumbi uliofungwa, na udi nao unafukizwa, wageni wataumwa vichwa. Mimi huiacha asumini itawale, rehani iipoze, na mawaridi ya dukani, ambayo mengi hayanukii kabisa, yabaki na kazi ya umbo na rangi. Kwa nguo nyeupe huchukua mawaridi ya rangi ya malai, pamoja na matatu tu ya rangi ya damu ya mzee.

Hatua ya pili: yanyweshe maji. Mawaridi yanayotoka Naivasha yamekulia takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na joto letu la kaskazi huyafungua haraka kuliko muuzaji anavyokuahidi. Kwa hiyo nunua yaliyofumba, bonyeza tumba kwa vidole viwili kuhakikisha kwamba bado ni gumu, kata shina kwa mshazari, ondoa majani yote yatakayozama, kisha yaache usiku kucha katika ndoo safi mahali penye kivuli. Rehani nayo ikae kwenye maji yake peke yake, nje ya jokofu. Nilijifunza hili kwa hasara: niliwahi kuihifadhi kwenye jokofu usiku mzima, na asubuhi nikaikuta nyeusi kama mchicha uliochemshwa, ikanibidi nibishe hodi kwa majirani kuomba matawi.

Hatua ya tatu: jenga mifupa ya shada kwa matawi. Wengi huanza na maua na kuziba mapengo kwa majani. Mimi hufanya kinyume. Shika tawi la rehani lenye maua yake ya zambarau kati ya kidole gumba na cha shahada, laza la pili juu yake likiinamia kushoto, la tatu vivyo hivyo, huku ukilizungusha shada mkononi kila unapoongeza shina. Mashina yote yakiegemea upande mmoja, yatafunguka chini kama miguu ya kigoda, na shada litasimama lenyewe ukiliweka mezani. Likianguka, kuna shina lililopita upande usiofaa. Fungua, anza upya. Acha tawi moja lirefuke upande wa kushoto na jingine literemke kulia, kwani shada la duara kamili hufanana na kabeji.

Hatua ya nne: tia mawaridi, na 11 yanatosha. Usiyapange kwa kimo kimoja. Yaliyofunguka zaidi yakae ndani na chini, matumba yatokeze nje, kama yanavyoota mtini. Yale matatu mekundu yasigawanywe kwa usawa: weka mawili karibu karibu, la tatu mbali nayo, ili jicho lisafiri kulitafuta. Kisha lisogeze shada mbali, ulitazame kwenye kioo. Kioo huonyesha upande uliolemewa ambao mkono umekwisha kuuzoea.

Hatua ya tano ni ya asumini, nayo haina njia ya mkato. Zichumwe jioni ile ile zikiwa matumba meupe yaliyofumba, kwa sababu hufunguka usiku, wakati bibi harusi amekwisha kukalishwa jukwaani. Pitisha sindano nyembamba kwenye kikonyo, si kwenye petali, kwani petali iliyobonyezwa hugeuka kahawia. Tunga nyuzi tatu za urefu usiolingana, takribani matumba 40 kwa ule mrefu, uzifunge ndani ya jani la mgomba lililolowanishwa kidogo. Usizinyunyizie maji.

Hatua ya mwisho hufanyika palepale anapopambiwa. Funga shada kwa uzi mahali ulipolishika, kata mashina yalingane, yafute kwa taulo hadi yakauke ili maji yasiichirizikie nguo, halafu zungushia utepe wa satini. Ning'iniza nyuzi za asumini kwenye rehani ziteremke upande wa lile tawi refu, zikifika chini ya mkono. Mwonyeshe bibi harusi alishike usawa wa kitovu, viwiko vimelegea. Wengi kwa haya hulipandisha hadi kifuani, nalo likaficha mkufu.