Kadi yaweza kulipia simu iliyoibiwa, ila soma kwanza barua ya polisi imeandika nini

Jamani, hii kitu watu wengi hapa Kampala wanatembea nayo mfukoni na hawajui. Kama benki imekupa krediti kadi, hasa hizi za Gold au Platinum kwenda juu, kuna uwezekano ndani yake mna bima ya vitu unavyonunua nayo. Kwenye makaratasi ya benki utaikuta imeandikwa Purchase Protection. Maana yake ni hivi: umenunua kitu kipya, umekilipia kwa hiyo kadi, alafu ndani ya siku fulani kikaibiwa au kikaharibika kwa ajali, bima inakurudishia pesa au inamlipa fundi. Siku zenyewe mara nyingi ni 90, kadi zingine zinafika 120, zikishapita hizo hakuna maneno.

Mi nilijifunza kwa uchungu. Nilinunua simu mpya ya shilingi 1,850,000, haijamaliza hata mwezi, niko kwenye taksi jioni, jam ya Clock Tower haisogei, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, naandika meseji, mkono ukaingia ukachomoa simu ukapotea nayo kwenye watu. Abiria wote walipiga kelele, mi nikabaki naangalia vidole vyangu. Nikaenda polisi, nikamweleza afande mwanzo mpaka mwisho, akaandika kwenye kitabu, akanipa barua yenye namba ya SD, yaani namba ya maelezo yangu kwenye kile kitabu cha polisi. Sikuisoma. Niliikunja nikaipeleka benki na risiti, nikajua nimemaliza.

Jibu likarudi wamekataa. Nikauliza kwa nini, dada wa benki akanigeuzia ile barua akaniwekea kidole kwenye neno moja: "lost". Yaani imepotea. Na hii bima hailipi kitu kilichopotea, hailipi ulichosahau kwenye boda, hailipi kitu ambacho hujui kilienda wapi. Inalipa kilichoibiwa, na lazima karatasi iseme kiliibiwa vipi. Nikarudi polisi, afande akafungua kitabu, mle ndani maelezo yangu yako sawa kabisa, dirisha, mkono, taksi, vyote vipo, ila kwenye barua aliweka neno la kila siku kwa sababu wengi wanaokuja pale wamepoteza laini au kitambulisho. Akaniandikia nyingine: simu imeibiwa kwa kunyakuliwa, mahali, saa, na namba ya IMEI, ile inayotambulisha simu yenyewe, niliyoitoa kwenye boksi. Hiyo ndio ilipita. Kwa hiyo ukiwa bado umesimama pale kaunta, soma barua neno kwa neno kabla ya kutoka. Na sisemi umwambie afande aandike uongo, hapana, kama kweli umesahau simu sokoni basi hiyo imepotea na bima haikuhusu. Nasema barua iseme kile kilichotokea.

Sasa tuanze mwanzo. Piga simu benki au ingia tawi lako uulize maswali haya: kadi yangu ina bima ya manunuzi au haina, kampuni gani ya bima inalipa, siku ngapi, kiwango cha juu kwa kitu kimoja ni kiasi gani na kwa mwaka mzima kiasi gani, na vitu gani havimo. Usikubali jibu la mdomo tu la "iko, usijali". Omba masharti kwa maandishi, watume hata kwa imeili. Kadi mbili za Platinum za benki mbili zaweza kuwa na masharti tofauti kabisa, maana kila benki inajichagulia cha kuwapa wateja wake. Na faida zenyewe zinaondolewa, benki ya Citi ya Marekani mwaka 2019 ilifuta nyingi za namna hii kwenye kadi zake, kwa hiyo karatasi ya miaka mitatu iliyopita usiitegemee. Debiti kadi nyingi za kawaida hazina kitu hiki lakini za juu zingine zinacho, kuuliza si vibaya. Ukilipa kwa mobile money au keshi, hapo hii bima haipo.

Vitu ambavyo karibu kila mahali havimo: gari na pikipiki, pesa taslimu, vyakula, wanyama, kitu kilichochakaa kwa kutumika, na vitu vilivyokwisha kutumika na mtu mwingine. Hiyo ya mwisho tuizingatie sisi, maana simu nyingi tunazonunua mjini ni used UK, na used UK ni kitu kilichotumika hata kama inang'aa. Kuna kadi zinazozikataa simu zote, mpya na zilizotumika, ndio maana nasema uliza kabla.

Siku ya kununua ndio siku yenye kazi kubwa. Lipa bei yote kwa kadi. Mi nilimpa yule wa dukani 650,000 keshi, zile 1,200,000 zikapita kwenye mashine, na bima ikanirudishia kwa hesabu ya zile 1,200,000 tu. Zile zingine zimeenda. Alafu dai risiti ya EFRIS, ile ya watu wa kodi, URA, yenye alama ya QR ya kuskani, jina la kitu na bei, usikubali kikaratasi cha kalamu. Risiti za mashine zinafutika, ukiiweka kwenye pochi na joto hili baada ya miezi miwili unabaki na karatasi nyeupe, kwa hiyo piga picha hapo hapo dukani: risiti, slipu ya kadi, na boksi upande wenye namba. Jitumie kwenye imeili, maana simu ikiibiwa na picha zinaenda nayo. Na deni la kadi lilipe lote kabla ya tarehe, riba ikishaanza kula hiyo bima haina faida.

Likitokea la kutokea, usikae. Polisi nenda siku hiyo hiyo au kesho yake, masharti mengi yanataka ripoti ndani ya saa 48. Benki wape taarifa haraka hata kama karatasi hazijakamilika, siku za kutoa taarifa zinahesabiwa peke yake na siku za kuleta karatasi zinahesabiwa peke yake. Kama kitu kimevunjika, mfano laptop imemwagikiwa chai, usiitupe na usimpe fundi aifungue, kwanza picha, alafu fundi akuandikie makadirio, maana kampuni ya bima ina haki ya kutaka kuiona.

Kuna kitu kingine watu wanachanganya na hiki. Umelipa mtandaoni kwa kadi, mzigo haukufika, au umeagiza viatu ukaletewa soksi. Hiyo bima haihusiki, hapo unaiomba benki yako ifungue madai ya kurudishiwa malipo, wao wanaita dispute. Kwanza mwandikie muuzaji, hifadhi majibu yake au hata ukimya wake, alafu nenda benki na ushahidi. Kwa Visa na Mastercard muda wa kawaida wa mzigo ambao haukufika ni siku 120, lakini usingoje ya 119, benki nayo inahitaji muda wa kuandaa. Na ndugu zetu walioko London wakikwambia kadi ya mkopo kule inamwajibisha benki pamoja na muuzaji, ni kweli, ni kifungu cha 75 cha sheria yao ya mwaka 1974, kwa kitu cha zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000, ila sheria hiyo ni ya Uingereza, kadi iliyotolewa Kampala haimo.

Wakikukataa, usiondoke na "imekataliwa" tu. Omba sababu kwa maandishi na wakuonyeshe sharti lenyewe ni namba ngapi. Mimi nisingeuliza, nisingejua tatizo ni neno moja. Ukiona wamekosea, andika malalamiko benki, miongozo ya Bank of Uganda ya mwaka 2011 ya kulinda wateja inawataka wawe na utaratibu wa kuyapokea, chukua nakala yenye muhuri wa tarehe. Wasipokujibu vizuri peleka Bank of Uganda, na kama anayekataa ni kampuni ya bima, peleka Insurance Regulatory Authority, wanaosimamia kampuni za bima, wana kitengo cha malalamiko. Beba barua yao ya kukataa, ile ya polisi, risiti, na masharti uliyoomba kule mwanzo.