Somo: Kivumbasi kwenye ndoo ya maharage

Chuma jani la kivumbasi, nusa. Sasa lifikiche, unuse tena. Mafuta yake yamehifadhiwa kwenye vifuko vidogo mno juu ya jani, na mdudu akitafuna vinampasukia mdomoni. Kuna eujenoli, ileile inayonukia kwenye karafuu ya Pemba. Aina nyingine za kivumbasi zina kafuri. Mvuke wa mafuta hayo unavuruga mishipa ya fahamu ya fukusi, yule mdudu anayetoboa maharage.

Hatua ya 1: Anika maharage hadi ukiyang'ata yavunjike kwa mlio. Usiruke hapa. Fukusi huweza kutaga tangu shambani, maganda yakiwa bado kwenye mmea, na kiwavi akishajichimbia ndani ya punje mvuke haumpati vizuri.

Hatua ya 2: Kata matawi yanapoanza kutoa maua, umande ukishakauka.

Hatua ya 3: Kausha kivulini. Mwaka wa kwanza niliyatandaza juu ya bati. Kufika saa sita uwanja mzima unanukia, jirani anasifia. Kumbe ndiyo mafuta yanaondoka hayo! Baadaye maharage yakawa matundu matupu.

Hatua ya 4: Ponda, changanya (mimi naweka konzi tatu kwa debe), weka kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Gunia linapitisha mvuke. Harufu ikififia, weka majani mengine makavu.

MASWALI

Mwalimu, nimekipanda kando ya sukuma wiki, mbona vidukari wamejaa?
Mmea ambao haujaguswa hutoa mvuke kidogo, na upepo unaumaliza. Ukipita bustanini uwe unayapapasa majani. Hata hivyo usikitegemee peke yake, dada.

Maharage hayatanuka?
Kidogo. Osha, chemsha, mwaga maji ya kwanza. Mama mkwe wangu amekula miaka yote hajauliza.

Na dumuzi kwenye mahindi je?
Huyo ni mdudu mgeni kutoka Amerika, alianza kusumbua Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wakambandika jina la Scania. Anapenda sana mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, kwa hiyo pukuchua mapema, kausha, tia kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kwa huyo kivumbasi sikiamini. Nakibakiza kwa maharage.