Namna ya kupandikiza injini ya pistoni ya ndege kwenye gari la mashindano

Anayetaka kufunga injini ya ndege kwenye gari la mashindano kwa kawaida huanza kwa kuulizia nguvu za farasi, ilhali hizo huja zenyewe pamoja na injini na wala hazimsumbui fundi. Kinachomtoa jasho ni kile kilichobaki kwenye ndege, yaani rafadha (propela). Kwa injini ile, rafadha ilikuwa mzigo wa kuzungusha, ilikuwa flaiwili (gurudumu zito la kusawazisha mzunguko) ya kuituliza, na kwa injini za kupozwa kwa hewa ilikuwa feni vilevile. Ukishaiondoa, kazi hizo tatu zinabaki bila mwenyewe, na sehemu kubwa ya ujenzi wa gari la aina hii ni kuitafutia kila moja mwenyewe mpya.

Waingereza ndio walioukomaza mchezo huu, kwa sababu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha mwaka 1918 walibaki na injini tele zisizo na ndege za kufungwa. Mwaka 1921 dereva wa mashindano Louis Zborowski alileta kwenye uwanja wa mashindano wa Brooklands, Uingereza, gari la Mercedes lililofungwa injini ya Maybach ya silinda sita na ujazo wa lita 23. Baadaye alijenga jingine, Higham Special, kwa injini ya Liberty yenye silinda 12 na lita 27, akatumia giaboksi ya Benz na minyororo ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Alipofariki mwaka 1924 gari hilo lilinunuliwa na J. G. Parry-Thomas, mhandisi na dereva, kwa pauni 125, akaliita Babs, na mwezi Aprili 1926 akaliendesha kwenye ufuko wa Pendine, Wales, kwa kasi ya karibu kilomita 275 kwa saa. Tarehe 3 Machi 1927 lilipinduka hapohapo na kumuua. Likazikwa mchangani, na mwaka 1969 likafukuliwa na kutengenezwa upya. Ninayataja haya kwa sababu ya kifundi: mkorogo ule wa vipande vya watengenezaji mbalimbali ndio mpango unaofuatwa mpaka leo, na kitu kilichonyooshewa kidole kwa miaka mingi baada ya ajali kilikuwa mnyororo wa kupeleka nguvu, si injini.

Katika kuchagua injini, anza na chesisi uliyo nayo na mfuko wako. Kwa anayeanza ningependekeza Gipsy Major ya de Havilland, ile iliyofungwa kwenye ndege za mafunzo za Tiger Moth. Ina silinda nne zilizopinduliwa, krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ikiwa juu na vichwa vya silinda chini, ujazo wa lita 6.1, nguvu za farasi kama 130, na uzito ambao winchi ndogo ya gereji inaumudu bila wasiwasi. Inakaa vizuri kwenye chesisi ya gari la miaka ya 1920 au 1930, na giaboksi ya pikapu imara inaweza kuihimili.

Kwa upande mwingine kuna injini kubwa za silinda 12 za Vita vya Pili vya Dunia: Merlin ya Rolls-Royce yenye lita 27 na Allison V-1710 yenye lita 28, kila moja ikitoa zaidi ya nguvu za farasi 1,000 na kuwa na uzito unaopita kilo 600. Merlin ningewaachia wanaorejesha ndege za zamani angani, maana wao ndio wanaopandisha bei yake, na kwa gari inakupa mzigo wa kuondoa gia za kupunguza mzunguko zilizo mbele na kuamua la kufanya na supachaja, pampu ya kushindilia hewa kwenye silinda, iliyo nyuma. Ukiangukia Allison, tafuta ile iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege ya P-39. Ndege hiyo iliwekewa injini nyuma ya rubani, na gia za rafadha zikawa mbali huko puani zikiunganishwa kwa shafti ndefu, kwa hiyo injini yenyewe haina kichwa cha gia cha kuondoa, na mahali pa kufungia shafti pako tayari.

Lakini chaguo la busara kuliko yote, kwa maoni yangu, ni Meteor. Hii ni Merlin iliyoondolewa supachaja na kutengenezwa upya kwa ajili ya vifaru vya Cromwell na Centurion, ikitoa nguvu za farasi kama 600. Wapo watakaosema kwamba si injini ya ndege. Waache waseme, kwani nyingi kati ya zile za mwanzo zilijengwa kwa vipuri vya Merlin vilivyokosa sifa za kurushwa angani. Faida yake ni kwamba kazi ya kuitenganisha na rafadha ilikwishafanywa na wahandisi waliolipwa kwa kazi hiyo.

Injini ya akiba iliyokaa kwenye kasha kwa miongo kadhaa haiwashwi siku inapofika. Ilipohifadhiwa ilijazwa oili nzito ya kuzuia kutu, na oili hiyo imegandamana kwenye vijia vyote. Toa plagi zote, ambazo kwa injini ya silinda 12 ni 24 kwa kuwa kila silinda ina mbili, mimina oili nyepesi iliyopashwa moto kidogo, iache usiku kucha, kisha zungusha krenki taratibu kwa mkono. Usilazimishe ikigoma, maana mahali inapogoma panakuonyesha tatizo lilipo. Chungulia ndani kwa kamera ndogo ya kupitisha kwenye tundu la plagi, ukitafuta kutu kwenye kuta za silinda. Toa chujio la oili na upitishe sumaku kwenye uchafu wake: unga laini unaong'aa unaweza kuvumilika, lakini chenga zinazosikika kati ya vidole zinamaanisha injini ifunguliwe yote. Kagua pia maganda yaliyotengenezwa kwa magnesiamu, ambayo yakipata unyevu huliwa kutoka ndani huku rangi ya nje ikibaki nzuri.

Kabla hujaagiza kitu kingine chochote, jua injini inazunguka upande gani. Simama upande wa kutolea nguvu, zungusha krenki ukiwa na mtu anayetazama valvu zinavyofuatana, kisha chora mshale kwa rangi nyeupe. Injini nyingi za magari, ukizitazama kutoka upande wa flaiwili, huzunguka kinyume cha mishale ya saa. Injini za ndege hazina utaratibu mmoja; ndege ya P-38 ilikuwa na Allison mbili zilizozungusha rafadha zake kwa pande tofauti. Ukipuuza jambo hili unaweza kumaliza gari lenye gia tatu za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Dawa ni kugeuza difu ili gia yake kubwa ikae upande wa pili wa pinioni, yaani gia ndogo inayoizungusha, ila kumbuka kwamba giaboksi yenye meno ya mshazari itasukuma shafti zake kuelekea upande ambao beringi hazikutarajia, na ndiyo maana giaboksi ya zamani yenye meno yaliyonyooka inafaa zaidi.

Sasa tuifikie flaiwili. Rafadha ni kitu kizito chenye kipenyo kikubwa, na bila hiyo injini inaunguruma kwa kurukaruka, na mitetemo ya msokoto kwenye krenki inakosa pa kumezwa. Chonga flaiwili ya chuma cha kufua, kamwe si cha kusubu, ipimwe ulinganifu wake kwenye mashine, na iwekwe ndani ya ganda la bamba nene la chuma, kwa sababu ikipasuka iko karibu na miguu ya dereva. Nyuma yake inakuja klachi. Meteor yenye nguvu za farasi 600 kwenye mizunguko 2,550 kwa dakika inatoa nguvu ya msokoto inayozidi newton-mita 1,600, ambayo ni zaidi ya mara kumi ya gari dogo la familia, kwa hiyo klachi ya sahani moja ya gari la kawaida itateketea kwenye mstari wa kuanzia. Tumia klachi ya lori zito au ya sahani nyingi. Propela shafti nayo izungushiwe pete za chuma zilizofungwa kwenye chesisi, ili ikikatika isije ikampiga dereva.

Uwiano wa gia ndio mahali ambapo mazoea ya gereji yanakudanganya. Anayehamisha injini kutoka Land Cruiser kwenda Land Rover huhangaika na mabano ya kufungia na huliacha difu kama lilivyo, na gari linakwenda. Hapa hesabu ni nyingine. Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 80, ambalo kwa mzunguko mmoja linasafiri kama mita 2.5. Injini ikifika mwisho wake kwenye mizunguko 2,500 na difu likiwa na uwiano wa 4 kwa 1, kama magari mengi yalivyo, magurudumu yatazunguka mara 625 kwa dakika, na gari litaishia kilomita 94 kwa saa huku likipiga kelele za vita. Badili difu liwe 2 kwa 1 upate kilomita 187; lifanye 1.5 kwa 1 upate 250. Wenye mashua za mashindano walilazimika kwenda mbali zaidi, kwa sababu rafadha ndogo ya majini hutaka mizunguko mingi: Slo-mo-shun IV, iliyofika kilomita 258 kwa saa kwenye Ziwa Washington, Seattle, tarehe 26 Juni 1950, ilifungiwa Allison pamoja na gia za kuongeza mzunguko badala ya kuupunguza. Tukirudi kwenye gari, difu likiwa na uwiano mdogo kama huo wa 1.5 kwa 1, gia tatu zinatosha. Gari la Napier-Railton la mwaka 1933, lenye injini ya ndege ya Napier Lion ya karibu lita 24, lilikuwa na tatu tu, na mwaka 1935 dereva John Cobb alilizungusha Brooklands kwa wastani wa kilomita 230 kwa saa, rekodi ambayo uwanja huo ulifungwa ikiwa bado haijavunjwa.

Gari hilohilo lilikuwa na breki za nyuma peke yake, na hapo usiliige.

Mfumo wa oili unataka tanki la pembeni, kwani injini nyingi za aina hii hazihifadhi oili chini ya krenki. Pampu moja husukuma oili ndani na nyingine huifyonza na kuirudisha tankini. Weka tanki juu kidogo ya usawa wa pampu, mabomba yawe mapana, na ongeza pampu ndogo ya umeme ya kujaza oili kabla ya kuwasha. Kuhusu upoozaji, Meteor itadai rejeta ya ukubwa wa lori, wakati Gipsy inategemea mabati ya kuelekezea hewa kati ya silinda, ambayo usiyatupe hata kama yanaharibu sura ya gari. Kwa kuwa upepo wa rafadha haupo tena, usiiache ikiunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Pampu ya petroli nayo ipimwe kwa uwezo: injini ya nguvu za farasi 600 ikikanyagwa mpaka mwisho inakunywa takriban lita tatu kwa dakika.

Inabaki kuwasha, na hapa magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa plagi chenyewe injini inapozunguka, inastahili heshima. Tofauti na mfumo wa koili na betri, magneto huzimwa kwa kuunganishwa na bodi. Waya huo ukikatika, swichi inasomeka imezimwa ilhali plagi ziko hai, na mtu anayezungusha krenki kwa mkono anaweza kuvunjika mkono. Pima waya huo kwa mita kila kabla ya kugusa krenki. Toa plagi tena na uzungushe injini mizunguko kadhaa, hasa Gipsy, ambayo oili yake huteremka kwenye vichwa vya silinda ikilala. Oili haibanwi, na pistoni ikiikuta inapinda fimbo yake. Endesha pampu ya umeme mpaka geji ya oili ipande, rudisha plagi, weka vizuizi kwenye magurudumu, mtu mmoja asimame na kizimamoto upande usio wa mabomba ya moshi, ndipo ubonyeze stata. Geji ikikosa kupanda ndani ya sekunde kumi, zima. Ikipanda, iache kwenye mizunguko ya kama 1,000 mpaka oili ipate joto, kisha zima, toa chujio, na upitishe ile sumaku kwa mara nyingine kabla ya gari kutoka nje ya mlango.