Kiungo wa ligi za chini Uganda: miguu, mkataba na karatasi

Anza na uwanja. Chini ya Ligi Kuu, yaani Big League (daraja la pili) na ligi za kanda nane za FUFA, shirikisho la soka la Uganda, mara nyingi utachezea murram (udongo mwekundu wenye changarawe) au nyasi zenye mashimo, na kiungo ndiye anayeadhibiwa kuliko wote kwa sababu anapokea mpira akiwa amezungukwa. Fika mapema, chukua mpira, utembee duara la kati na eneo la mbele ya boksi lenu. Uangushe kutoka usawa wa kifua kila baada ya hatua tano. Unapodunda kuelekea pembeni, pakumbuke mahali hapo. Usiombe pasi hapo ukiwa na mtu mgongoni.

Njumu za meno marefu ya chuma hazifai kwa murram kavu. Zinagoma kuingia ardhini, mguu unayumba, kifundo kinageuka. Tafuta meno mafupi, mengi, yaliyoumbwa pamoja na soli. Ukinunua za mitumba soko la Owino, Kampala, ikunje soli mbele ya muuzaji na utazame gundi kwenye ncha ya vidole: ikiacha upenyo hata wa unene wa shilingi, mvua moja inatosha kuifungua. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, beba jozi ya pili yenye meno marefu kidogo kwa ajili ya tope.

Sasa kupokea mpira. Kosa la viungo wengi ni kuusubiri. Pasi ya beki inakuja inarukaruka, wewe umesimama wima, na katika hatua ya mwisho inapanda na kukugonga ugoko; mkabaji ameshafika. Ufuate kwa hatua mbili tatu fupi, mwili ukiwa umefunguka nusu, uupokee kwa mguu ulio mbali na mpinzani. Unyayo uinuke kidogo tu, kifundo kilegee, na mguso wa kwanza uupeleke mpira kama mita moja kwenye nafasi tupu. Tazama nyuma ya bega mara mbili: beki anapojiandaa kupiga, halafu tena mpira ukiwa njiani. Zoezi lake halina gharama. Piga ukutani kwa miguso miwili, dakika kumi kila mguu, mwenzako akiwa nyuma yako ameinua vidole. Itaje idadi kabla hujagusa mpira. Ukiitaja baada ya kugusa, hukutazama, ulibahatisha.

Kabla ya mazoezi tumia FIFA 11+: mazoezi 15, dakika 20 hivi, angalau mara mbili kwa wiki. Wengi hukimbia tu raundi mbili na kuruka sehemu ya kati, kumbe ndiyo yenye kazi ya misuli ya nyuma ya paja na ya kusimama kwa mguu mmoja. Kifundo kikigeuka, jaribu kutembea hatua nne. Ukishindwa, au mfupa wa kifundo ukiuma unapoubonyeza upande wake wa nyuma, nenda ukapigwe eksirei. Usikubali kukandwa maji moto na kurudishwa uwanjani. Usirudi kwenye mechi hadi uweze kuruka kwa mguu huo mmoja na kukata kona kwa kasi bila kuchechemea.

Mechi ikianza saa kumi alasiri, kula saa sita au saa saba. Posho (ugali) na maharage ni sawa mradi maharage yawe machache, kwani yakizidi yanajaza gesi. (Ajabu ya Uganda: posho ya sahani haikosekani, posho ya mfukoni ndiyo inayochelewa.) Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) yenye mafuta mengi iache hadi baada ya mechi.

Tukija kwenye pesa, hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza miaka. Mkataba uonyeshe tarehe ya kuanza na ya kuisha, mshahara wa kila mwezi, pesa ya usajili na siku itakapolipwa, bonasi, malazi, na nani analipa matibabu ukiumia kazini. Saini kila ukurasa na uondoke na nakala yako siku hiyohiyo. Ukiambiwa "tutakuletea", usisaini. Kwa kanuni za FIFA mkataba hauzidi miaka mitano, na aliye chini ya miaka 18 hazidi mitatu. Uangalie sana ule wa miaka mingi unaotaja mshahara wa mwaka wa kwanza tu.

Hifadhi ujumbe wa kila malipo ya simu. Mishahara miwili ikikwama, usiache tu mazoezi, maana klabu itaandika kwamba umetoroka. Andika barua, wape siku 15 walipe, baki na nakala iliyopokelewa kwa saini, kisha peleka suala FUFA. Kuzungumza na klabu nyingine kunaruhusiwa miezi sita ya mwisho ya mkataba; kusaini mikataba miwili ya kipindi kimoja kunaweza kufanya ufungiwe kucheza. Klabu za taasisi, kama Maroons ya Magereza au URA ya mamlaka ya mapato, zina swali lao: ajira inabaki mpira ukiisha?

Kuonekana kunahitaji mechi zinazotazamwa. Uganda Cup inaweza kukukutanisha na timu ya Ligi Kuu. FUFA Drum, ya timu za mikoa, na Masaza Cup, ya majimbo ya Buganda, nazo zina watazamaji. Khalid Aucho, aliyecheza kiungo mkabaji wa Cranes, timu ya taifa, alipitia Tusker na Gor Mahia za Kenya kabla ya Yanga, kwa hiyo usidharau soko la jirani. Video yako iwe dakika nne au tano, ipigwe kutoka juu, mshale ukuonyeshe kabla ya tukio. Weka mpira wa pili (unaodondoka baada ya kugombewa) ulioushinda, pasi uliyoikata, ulivyogeuka ukiwa umebanwa. Mabao sita dhidi ya timu dhaifu hayamwambii kocha kitu kuhusu kiungo. Ambatanisha mechi moja nzima.

Wakala lazima awe na leseni ya FIFA, na mkataba naye hauzidi miaka miwili. Anayedai pesa ya majaribio ng'ambo kabla klabu haijatuma barua ya mwaliko, mwache aende. Halafu linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa, pasipoti, vyeti vya mitihani vya UNEB na usajili wa FUFA. Herufi moja tu, "Mohamed" huku na "Muhammad" kule, inaweza kuchelewesha uhamisho hadi dirisha lifungwe. Na kama mwalimu wa michezo alikupunguzia miaka ukiwa shuleni, tofauti hiyo itajitokeza papo hapo. Irekebishe NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, sasa, kabla klabu ya nje haijaomba karatasi.